Somo Yangu wa Al-Nuzha

Jina langu nilinyang'anywa jikoni, kabla hata sijajua sufuria zinakaa wapi. Madam wangu wa Al-Hamra, Jeddah, alijaribu kulitamka, likamkwama kooni, akasema halas, yaishe, nitaitwa jina la msichana aliyenitangulia. Basi mimi, Mkatoliki wa Kakamega, nikaanza kuitikia jina la Kiislamu. Mara nyingine niliitwa nikaendelea kuosha vyombo, nikidhani anaitwa mtu mwingine, halafu nikafokewa kwamba mimi ni kiziwi. Iliniuma sana. Jina langu lilikuwa la nyanya yangu, mama ya baba. Kwetu hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Jeddah mvua yenyewe ni ya kusimuliwa.

Siku moja madam alitembelewa na rafiki yake, mwalimu, mjukuu wa Wazanzibari waliohamia huko tangu mwaka wa sitini na nne. Alinisikia nikimbembeleza mtoto wa madam kwa Kiswahili, akaniuliza naitwa nani. Kabla sijafungua mdomo, madam akanijibia. Mgeni akacheka.

"Kumbe! Jina la bibi yangu hilo."

Jioni ile ile simu ya madam ikalia, nikapewa. Ilikuwa sauti ya ajuza.

"Mwanangu, Ijumaa tuna jumuiya hapa nyumbani, Al-Nuzha. Nishazungumza na madam wako, na mjukuu wangu atakuja kukuchukua. Usikose, maana wewe somo yangu."

Kwetu jumuiya ni majirani wa parokia wanaosali nyumba hadi nyumba, kisha wanakula viazi vitamu. Na somo ni somo: mtu husimama mbele ya wenzake akasoma Maandiko. Sasa huyu mama, mwenye jina la Kiislamu, katika nchi hii, ananiambia waziwazi, tena kwa simu ya madam, kwamba nitasoma somo? Ama ana wazimu, ama imani yake imezidi yangu. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Biblia sikuwa nayo, kwa hiyo siku zote hizo nilikariri nilichokikumbuka huku nikipiga pasi kanzu za bosi, mume wa madam. Moja niliiunguza.

Sebule ya Al-Nuzha niliikuta imejaa wanawake, inanukia udi na mkate wa kumimina. Kulikuwa na Wabarawa, Wangazija, na hata msichana wa kazi kutoka Mombasa. Pembeni watoto waliozaliwa Jeddah walikuwa wakitegewa vitendawili, nao wakijibu kwa Kiarabu. Wageni kutoka Malaz, Riyadh, ambako jumuiya ina tawi lake, walikuwa wakibishana na wenyeji jinsi wimbo wa kumtoa bibi harusi unavyoimbwa. Nilitafuta msalaba kwa macho, nikaona tasbihi. Nikajiambia hiyo imewekwa pale kupoteza maboya, wanaopeleleza wasishuku. Ujinga nao una bidii yake.

"Somo yangu keshafika!" bibi mwenye nyumba akapaza sauti. Vigelegele vikapigwa. Nikasimama katikati ya chumba, nikakohoa kidogo.

"Somo katika kitabu cha..."

Wote walikuwa wakinisubiri kwa adabu kubwa.

"Kitabu gani tena, mwanangu?" bibi akauliza.

"Si mliniambia nije kusoma somo?"

Kicheko kilichofuata sijapata kusikia mfano wake. Yule wa Mombasa ndiye aliyenihurumia.

"Dada, kwetu pwani somo ni mtu mnayefanana jina. Jina moja, watu wawili. Na hii jumuiya ni ya kutunza mila zetu, si ya kusali."

Bibi akaniketisha kando yake, akanitandikia leso mpya mabegani, akanimegea mkate kwa mkono wake. Alisema somo hatoki mikono mitupu, na kwamba mlango ule ni wangu kila Ijumaa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Tangu niondoke kwetu hakuna aliyekuwa amenishika mkono kwa mapenzi, na sasa nilikuwa nimeshikwa kwa jina la msichana mwingine nisiyemjua hata sura. Nikisema ukweli, mlango utafungwa. Nikinyamaza nitapendwa, lakini atakayependwa ni nani? Nikauweka mkate chini.

"Bibi," nikasema, "lile jina si langu. Nilipewa na madam. Mimi hata si Mwislamu. Langu ni la nyanya yangu."

"Nyanya? Hizi za mchuzi?"

"La bibi yangu, mzaa baba."

"Haya, litaje."

Nikalitaja. Lilikuwa limekaa sana bila kutumika, hata mdomoni mwangu lilikuwa geni. Akalirudia vibaya, nikamsahihisha. Akalirudia tena na tena, kwa ubishi, mpaka likatoka sawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuikunja leso nimrudishie. Akanipiga kikofi mkononi.

"Iwache kanga yako. Somo ni jina moja, watu wawili. Kama langu si lako, basi lako litakuwa langu. Niite hilo."

Nililia mbele za watu, bila haya.

Siku chache baadaye simu ya madam ililia. Akasikiliza, akakunja uso, akauliza tena na tena kama asiyesikia vizuri. Kisha akanifuata jikoni na simu mkononi.

"Kuna mama mzee anakutaka," akasema. "Anasema yeye anaitwa..."

Akalitamka jina langu, polepole, lote.