Nusu ya Chini ya Karatasi

Mtaani walimwita Mama Mashine, kwa kuwa duka lake lilikuwa mashine tatu na kiti kimoja. Watu walimletea vyeti, vitambulisho na barua za hospitali, naye akawatolea nakala, na wale wasiojua njia akawatumia mtandaoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo mzito. "Mimi ni kaburi," alipenda kusema, "ila kaburi lenye umeme."

Kitu kimoja kilimshinda: kutupa karatasi. Nakala ikitoka na dosari aliiweka kando, jioni akampa muuza karanga wa ng'ambo ya barabara, ambaye aliikata katikati akasokota vifuko. Miaka tisa mambo yalikwenda hivyo. Nani asome kifuko? Mtu akinunua karanga anatazama karanga.

Ikafika zamu ya binti wa marehemu dada yake, ambaye Mama Mashine alimlea tangu ana meno mawili. Sasa alikuwa mwalimu, na shule ya watoto wadogo ilitaka atume ripoti ya daktari. Ripoti ilisema ana kifafa. Hilo walilijua wawili tu mtaani, yeye na mama yake mdogo. Nakala ya kwanza ilitoka na mstari mweusi pembeni. Mama Mashine akaiweka kando. Mkono ukishazoea hauulizi.

Kesho yake asubuhi, picha ikaingia kwenye kundi la mtaa: karatasi yenye mikunjo na mafuta, juu jina la binti, chini yake ugonjwa.

"Jamani, huyu ndiye tumkabidhi watoto?" aliandika msusi.

"Wangu haendi," akajibu mwingine. Wengine wakaweka vicheko, Mungu awasamehe.

Shule ilikuwa na karatasi nzima, wazazi walikuwa na nusu, na nusu ikashinda. Kabla ya adhuhuri binti alishaambiwa asije. Akaingia dukani, hakuketi.

"Mama mdogo, mimi nilimwambia nani mwingine?"

"Mwanangu, mdomo wangu haukufunguka. Ni karatasi tu..."

"Karatasi ina miguu?"

Macho ya Mama Mashine yalikwenda yenyewe ng'ambo ya barabara, kwenye kapu la karanga. Binti akayafuata, akacheka kicheko kifupi, kibaya.

"Kumbe umenigawa pamoja na karanga."

Akatoka. Mama Mashine akaacha duka wazi, akavuka, akaanza kufungua vifuko kimoja kimoja.

"Dada, umeingiwa na nini?" muuza karanga alilia. "Mali yangu hiyo!"

Kwenye kifuko cha kumi na kitu akaiona nusu ya chini. Daktari alikuwa ameandika kwamba binti hajaanguka miaka minne, anameza dawa zake bila kukosa, na anafaa kabisa kufundisha. Sahihi ipo, muhuri upo.

Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi, akaandika: "Someni na hii."

Akangoja. Mtu mmoja aliuliza maji yatarudi lini. Kisha msusi akaandika: "Hiyo nayo ya nani tena?"

Kweli, jina lilibaki kwenye nusu ya juu. Mama Mashine akaanza kuliandika, herufi tatu, nne. Akasita. Akazifuta.

Alipoinua kidole, mstari mdogo wa kijivu ulikuwa umetokea chini ya kioo cha simu. Mwalimu ametoka kwenye kundi.

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa.