Msufi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi shule niliishia darasa la nne, na silisemi hilo kwa aibu. Nina mashine za kusaga Handeni mjini, nina lori, nina nyumba ya wageni yenye maji mpaka chumbani, na vyote hivyo hakunipa mtu. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu mnadani. Kwa hiyo nikiona jambo linataka kufanywa, silali nalo. Nalifanya.

Ndivyo nilivyotaka kuufanyia ule msufi wa kijijini kwetu Mashewa. Ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba ya mama, mnene hata watu watatu wakishikana mikono hawauzunguki, na umeinama kidogo kuelekea paa, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma. Baba aliijenga kwa mikono yake alipoacha kazi ya kukata mkonge, na mama anaishi humo peke yake tangu baba afariki. Kuhamia kwangu hataki. Anasema Handeni maji ni ya kusubiri.

Masika ilipokuwa inakaribia, tawi moja lilikatika mchana bila upepo wowote, likaponda banda la kuku. Kuku walipona kwa kuwa walikuwa nje wanaparua. Kesho yake mimi huyo nikafika na wapasua mbao wawili na msumeno wao wa injini. Mama akatoka na fagio mkononi, akasimama kati yao na mti.

"Rudini mlikotoka."

"Mama, huu mti utakuua," nikamwambia.

"Sijasema hautaniua. Nimesema rudini."

Nani abishane naye? Tukarudi. Njia nzima nikawa nawaeleza wale vijana kwamba mtu akizeeka hupenda mti kuliko mwanawe.

Mke wangu ndiye aliyesema nitafute mtaalamu wa miti. "Wewe mama yako hakusikilizi," akasema. "Mgeni atamsikiliza."

Nilicheka. Mtaalamu wa miti! Mti unaukata au unauacha, elimu ya nini? Lakini kila wingu lililotanda nilikuwa naliona lile paa, na mama chini yake amelala. Nikaulizia Korogwe mpaka nikampata mwanamke mmoja, bado kijana, aliyesomea kutunza miti na kuipima kama ni hatari. Kwanza nikamwomba cheti. Mimi hata dereva simkabidhi lori kabla sijaishika leseni yake. Akakitoa bila kununa.

"Ungeniita bila kuuliza, mzee, ningekuogopa," akasema.

Tulipofika, hakukimbilia mti. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akanywa chai, wakaulizana habari za mvua na za mahindi. Ndipo akauzunguka msufi taratibu, akiugonga kwa nyundo ya mbao na kutega sikio, kama mama anavyogonga tikiti sokoni. Upande wa nyumba mlio ulikuwa mzito. Upande wa pili, chini karibu na ardhi, ukalia kama ngoma. Akafukua jivu kwa mkono, akasukuma fimbo nyembamba ya chuma, ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Ilipotoka ilikuwa nyeusi.

"Hapa huwa panachomwa takataka?"

Mama akalitazama lile jivu. Tangu namjua, kila asubuhi anafagia uwanja ule, anakusanya majani kwenye shina hilo, anatia kiberiti. Uwanja wa mama yangu Mashewa nzima hauna mpinzani.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe nimeuua mwenyewe."

Yule binti akachuchumaa mbele yake. "Bibi, miti ya majumbani niliyokagua, mingi ina jivu chini. Wenye nyumba wachafu ndio miti yao mizima."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha yule binti akatueleza. Moto ulikuwa umekula mizizi ya upande wa nyuma, ile inayouvuta mti usilale mbele. Akatuonyesha udongo ulivyopasuka na kuinuka upande huo. Juu mti ni kijani, chini hauna mshiko. Upepo mkubwa ukitokea nyuma, mti utalala hapa, akasema, akaelekeza mkono kwenye chumba cha mama. Ama nyumba ihame, ama mti uondoke. Na mpaka hapo, bibi asilale humo.

Nikadakia mara moja. "Nyumba si tatizo! Nitajenga nyingine pale mbele, ya kisasa, na vigae. Mama abaki na mti wake."

Yule binti akanipa kisogo. Akamgeukia mama. "Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Mti ukatwe."

Nikaduwaa. "Mama, si ulinifukuzia wapasua mbao?"

"Wale? Uliwauliza watauangushia wapi? Mmoja alikuwa ananyoosha mkono kwenye dirisha langu! Mti uliota wenyewe. Nyumba hii nimefyatua tofali zake na baba yako, wewe ukiwa tumboni. Unataka kunijengea vigae, nani kakuomba?"

Nikamuuliza yule binti bei ya kuukata.

Mama akahamia kwa jirani. Yule binti akarudi na vijana wake na kamba nene. Shina wakalifunga kwa nyuma kwenye lori langu, lori zito, walipata bahati, ili lisije likalala mbele. Kisha wakaanza juu kabisa, kipande kwa kipande, kila kimoja kikiteremshwa kwa kamba. Mama alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, akisimamia kuliko wote. "Polepole baba, hilo bati! Wewe mwenye kofia, hulioni?" Hakuna bati lililokunjika, na mama akarudi chumbani kwake.

Masika ilikuja na upepo mbaya. Handeni uling'oa mabati ya watu. Nilipomaliza swala ya alfajiri nikapiga simu Mashewa, ikaita muda mrefu, nikaanza kutafuta ufunguo wa gari.

"Haloo," mama akapokea, sauti imejaa usingizi.

"Shikamoo mama. Upepo huko vipi?"

"Upepo gani? Si nilikuwa nimelala!"

Akakata simu kabla sijamwambia kwamba mimi sikulala.