Mlango wa Ngazi ya Ndani

Nyumba ya nyanya ilirithiwa na binti zake wawili. Mama yangu alipata juu, mama mdogo akapata chini. Kati yao palikuwa na ngazi ya ndani, na mlango wa ngazi hiyo ulikuwa na komeo upande wa chini, ingawa hakuna aliyelitumia. Tulipanda na kushuka na mabakuli ya mchuzi bila kutafuta buibui.

Huko chini ndiko iliko nyumba kati, chumba cha ndani kabisa ambamo wanawake wa kwetu huoshwa wakifa. Nyanya alioshwa humo. Mama aliniambia mara nyingi, "Na mimi munioshee papo hapo."

Kisha choo chetu kikaanza kuvuja. "Mai yenu yanidondokea kitandani," mama mdogo aliniambia kwa upole. Mimi, ulimi wangu hauna breki, nikamjibu kuwa boriti zake ndizo mbovu, na kama hapendi maji ahamie Wiyoni, huko kando ya mji. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenibeba mgongoni. Siku hiyo hiyo nikasikia komeo likipigwa.

Imamu na mzee wa mtaa walituweka kitako, na chai haijapoa wakawa wamemaliza: nitengeneze choo, yeye afungue mlango, nami nishuke nimwombe radhi. Nikakubali yote.

Fundi kutoka Chundwa alitumia siku nne. Kushuka ndiko kulikonishinda. Leo nasema nitangoja Ijumaa, kesho nasema nipike mahamri kwanza nisiende mikono mitupu. Nikipita pale ngazini naona mlango umerudishwa, najiambia mbona naye hajatimiza lake. Mama, aliyekuwa mgonjwa hawezi kuinuka, akaniuliza kama nimekwenda. Nikamwambia nimekwenda. Akasema alhamdulillahi, akalala.

Alifariki Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Waoshaji waliponiuliza wamtayarishe wapi, nikasema huku huku juu. Niliogopa kubisha nikanyamaziwa mbele za watu. Wakamwosha kwenye kile choo kipya, chembamba, wakigongana viwiko, na jeneza likatoka kwa ngazi ya nje.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini nikaenda kwenye ule mlango. Niliugusa tu, ukafunguka.

Mama mdogo, ambaye magoti yake hayapandi ngazi tena, alikuwa ameketi nyumba kati peke yake. Kitanda cha kuoshea kilikuwa kimetandikwa. Ndoo tatu za maji, majani ya mkunazi, kafuri kwenye kisahani.

"Komeo nalilitoa siku aliyokwenda zake fundi," akasema. "Tangu alfajiri nawangoya mumshushe. Kisha nikasikia mai yuu, nikayua."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, kwa kilio kilichonitia aibu. Akanisamehe pale pale, mkono wake kichwani kwangu. Nilipoinua uso nikaiona dari juu ya kile kitanda kitupu. Ilikuwa kavu, haikupitisha hata tone la maji aliyooshewa mama.