Ngoma Iliyomsema Mama Mkwe

Fundi ndiye mpiga ngoma kubwa wa kikundi chetu cha nyimbo za kienyeji, ingawa mkate wake anaupata kwa kushona. Cherehani yake iko kwenye baraza la mama mkwe wake, analala nyumbani kwa mama mkwe wake, na chai anayokunywa ni ya mama mkwe wake. Mtu wa namna hiyo hana budi kuchunga ulimi, na Fundi aliuchunga vizuri sana, ila akishika ngoma.

Akipiga, husemasema. Bila maneno mkono wake hauendi, na maneno yenyewe ni yale yale: "Chai haina sukari, mama, chai haina sukari!" Daktari alimkataza mama huyo sukari, naye akaikataza nyumba nzima. Harusini hakuna aliyewahi kumsikia Fundi, kwa kuwa ngoma ilimfunika. Sisi wenzake tulijua. Mimi mpiga zeze niliifuata sukari ile zaidi ya nilivyomfuata mwimbaji.

Ndipo tukaingiwa na tamaa ya kurekodi albamu. Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la magodoro, na yale yasiyonunuliwa yaliegemezwa ukutani kuzuia kelele. Wimbo wa kwanza haukufika nusu, mwenye studio akainua mkono.

"Samahani wazee. Kuna mtu humu analalamikia chai."

Maharusi wana adabu ya kutosikia. Kipaza sauti hakina. Fundi akaambiwa afunge mdomo. Akauma futi yake ya kupimia nguo, akapiga, na ngoma ikachechemea hadi mwimbaji akanyamaza mwenyewe. Kiongozi wetu, ambaye hujiona ametuzidi akili, akatoa shauri: badala ya kumlaumu mama wa watu, amsifu.

"Mkwe wangu mwema, mkwe wangu mwema," Fundi akajaribu. Mungu anisamehe, nimewahi kusikia paa linalovuja likipiga vizuri kuliko vile.

"Sasa nifanyeje jamani?" akatuuliza, jasho likimtoka. "Mama akisikia nitashonea wapi? Nitalala wapi?"

Mwenye studio akamtuliza, akisema sauti ataishusha mpaka isisikike. Tukarekodi nyimbo nyingine zote kwa sukari, zikatoka tamu. Ule mmoja wa sifa, uliokwisha kunaswa, tukauacha humo humo kwenye albamu, uwe dawa endapo mambo yataharibika.

Yakaharibika. Mwenye studio alijitahidi, lakini sauti na ngoma vilikuwa vimeshikana. Kila akishusha hii, na ile inazama. Akaona bora ngoma isikike. Albamu ilipotoka, watoto wa mtaa mzima wakawa wanaruka kamba kwa "chai haina sukari".

Mama mkwe akamwita Fundi barazani, redio ikiwa juu ya meza ya cherehani. Mimi nilikuwa nimefuata suruali yangu, nikajifanya natafuta kifungo sakafuni, maana aibu ya mwenzio tamu kuitazama kwa karibu. Mama akasikiliza albamu nzima, mkono shavuni. Kabla haijaisha, Fundi alishaanza kukunja vitambaa vya wateja na kuvitia kwenye mfuko.

"Unafungasha unakwenda wapi?"

"Mama, nisamehe..."

"Hizi za kunisema, mkono wako uko hai," mama akasema. "Mpaka bega langu hili bovu limecheza. Lakini huu wa kunisifu, nani kakulazimisha? Unajiburuta tu! Watu watasema nimemwoza binti yangu kwa mtu asiyejua ngoma. Ufuteni."

Fundi akauweka chini mfuko wa vitambaa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa.

Mama akaagiza chai. Ikaja ile ile. Fundi akainywa yote bila kukunja uso, akashukuru kwa adabu zake zote, lakini vidole vikaanza kugonga meza ya cherehani.

"Sema basi," mama akamwambia, akivuta kiti karibu. "Si nipo?"