Mluzi Kwenye Gari la Baba

Ulianza kama mlio wa mbu aliyenaswa ndani ya spika, kisha ukawa mluzi kamili. Baba akikanyaga mafuta, unapanda, akiachia, unashuka, na nyimbo za ngoma alizozipenda zikawa zinasikika kwa mbali, nyuma yake. Tulikuwa tunaishi Nyahanga, pale Kahama, miaka ya tisini, wakati dhahabu ilipokuwa imewatia watu wazimu. Baba alikuwa na pikapu ya kupeleka abiria na mizigo kwenye minada ya upande wa Kharumwa, na alikuwa ameifungia redio ya kaseti, amplifaya na spika mbili kubwa. Muziki ndio uliomwitia abiria. Gari likiingia mnadani, watoto walianza kucheza kabla halijasimama. Nililionea fahari gari lile kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Mluzi ulianza asubuhi ile ile Bibi, mama yake Baba, alipopanda gari kwa mara ya kwanza kwenda hospitali kutibiwa macho. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba na samadi kavu, maana kuni zilikuwa zimekwisha nchini kwetu. Kila mtu alijua hivyo. Lakini Usukumani miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu alidhaniwa mchawi, akaishi kwa huruma ya majirani, na huruma yenyewe ilikuwa haba. Wengine waliuawa kwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko mluzi. Fundi redio aliligusagusa gari, akafunga mkoba wake, akasema kitu hiki si cha umeme. Neno lile likatembea. Wanawake kisimani wakawa wananyamaza nikifika na ndoo yangu, na nikiwapa kisogo nasikia, "Lisemwalo lipo." Baba naye, mwana wa kuzaliwa, akaanza kula bila kumtazama mama yake. Nilimchukia kwa hilo. Mwishowe akatangaza kwamba atamleta mganga kutoka mbali aje amtaje mhusika, na sote tulijua kidole kingeelekea wapi.

Mama na Bibi hawakupikika chungu kimoja. Waligombana juu ya mboga, juu ya malezi yangu, juu ya mahali pa kuanika mahindi, na mtaa mzima ulitegemea Mama angekuwa wa kwanza kushangilia. Badala yake Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alichukua ufunguo wa gari, akasimama katikati ya uwanja.

"Mganga wa nini?" alimwambia Baba. "Mluzi unatoka garini. Tutautafuta garini. Kabula, njoo."

"Mama Kabula, usijiingize kwenye mambo usiyoyajua."

"Nimeshajiingiza siku nyingi. Nimeolewa humu."

Mama hakuwa fundi, alikuwa mbishi tu. Aliutafuta ule mluzi kama mtu anayemsaka panya, anayefunga chumba kimoja baada ya kingine. Alianza kwa kuzima injini huku kaseti ikiendelea kuimba. Mluzi ukatoweka. Akawageukia majirani waliokwisha kujipanga kwenye ua wetu wa minyaa: "Mchawi gani huyu anayelala injini ikizimwa?" Mimi nilikuwa kwenye kiti cha dereva, nikikanyaga mafuta kila aliponiamuru. Alitoa kaseti, mluzi ukabaki. Akachomoa waya wa antena, ukabaki. Akachomoa nyaya zinazotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, kimya. Akazirudisha. Kumbe ulikuwa unaingilia upande wa redio. Ndipo akaokota kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye bati la redio, nyingine kwenye chuma cha mlango, na mluzi ukafa palepale. Akiuondoa, unarudi. Basi akaufuata kwa vidole waya mweusi wa redio, ule unaopaswa kushika bodi ya gari, mpaka chini ya dashibodi ulikofungwa kwa bolti. Aliomba spana. Bolti ilipolegea, kati ya waya na chuma kikadondoka kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kimeshonewa ngozi ya mbuzi; ndicho kilichouzuia waya usishike bodi.

"Baba Kabula, hiki nini?"

Baba aliinamisha kichwa. "Kinga. Ya gari. Kwa ajili ya mahasidi."

"Uliiweka lini?"

"Asubuhi ile. Kabla sijampeleka mama hospitali."

"Na bolti alifungua nani?"

"Mimi mwenyewe."

Mama alikiinua kile kitu juu ili kila mtu akione. "Mmesikia? Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akakwangua chuma kwa kisu mpaka kikang'aa, akafunga waya, akaniambia nikanyage. Nilikanyaga mpaka injini ikalalamika, na ngoma ikatoka safi. Mama alimfuata Bibi mlangoni, akamshika mkono. "Mayu," alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "panda mbele." Kwa Baba alisema neno moja tu: "Endesha." Tulizunguka mtaa mzima polepole, kisimani, sokoni, mbele ya nyumba ya yule fundi, mimi nikiwa nimesimama nyuma na kidevu juu. Bibi hakumtazama mtu. "Ongezeni sauti," alisema.

Siku hizi magari huja na muziki wake tayari, na Nyahanga wengi wanapikia gesi. Husemwa kwamba mambo yale yamekwisha. Sikubali upesi hivyo. Bado namsikia mtu ambaye biashara yake imelala akimtafuta jirani wa kumbebesha mzigo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi humuuliza hadharani ameanza kutafuta wapi, na wengi hukasirika. Wakasirike. Mwaka ule kulikuwa na vikongwe mtaani kwetu ambao hawakuwa na mkwe mbishi, na siwezi kuwasahau. Bibi alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee tu, kitandani mwake, mlango ukiwa wazi.