Damu Iliyobadilika Mara Mbili

Ndani ya miezi mitatu, damu ya mwanamke mmoja mjamzito wa Bwera ilibadilika kutoka kundi A chanya ikawa O hasi, halafu ikarudi kuwa A chanya. Ndivyo kompyuta yangu ilivyosema, na majibu yote matatu nilikuwa nimeyaingiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Damu ya mtu haibadiliki namna hiyo. Kundi alilozaliwa nalo ndilo atakalozikwa nalo.

Wakati huo nilikuwa natunza takwimu za utafiti mdogo kuhusu namna wajawazito wanavyohudumiwa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Kasese, na kliniki tuliyoifuatilia ilikuwa Bwera, karibu na mpaka. Kila mama aliyekubali kushiriki alipewa kadi ya kijani yenye jina na namba. Kadi hiyo ilikuwa na faida: mwenye nayo alipimwa presha, mkojo na damu siku hiyo hiyo, alionwa na daktari, na vidonge vya kuongeza damu havikumkosa. Sisi kwa upande wetu tulimwahidi kwa maandishi kwamba habari zake hatapewa mtu mwingine. Ahadi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa fomu ya ridhaa.

Sikuwa nagusa wagonjwa. Kila Ijumaa makaratasi yaliletwa kutoka Bwera, nami niliyaingiza na kutafuta yasiyolingana. Mara nyingi lilikuwa jambo dogo, kama mama aliyeandikiwa kilo sita badala ya sitini, au aliyezaliwa mwaka ambao bado haujafika. Nilipenda kazi hiyo. Nilikuwa mtu wa kupanga vitu, na kosa lililopatikana lilinipa usingizi mzuri.

Jibu la O hasi lilipokuja, daktari wetu, mama wa makamo aliyesimamia utafiti, alisema mtu wa maabara amechanganya chupa. Akaagiza mama huyo apimwe tena. Jibu likarudi A chanya, na daktari akaona yamekwisha.

Mimi nikafungua faili lote. Mkunga alikuwa akipima urefu wa tumbo kwa futi ya kitambaa kila mama anapokuja. Tumbo la mama huyu lilikuwa sentimita ishirini na saba, baada ya wiki mbili likawa ishirini na nne, baada ya wiki mbili nyingine likawa thelathini na moja. Uzito nao ulipanda na kushuka vivyo hivyo. Nilizichapa namba hizo kwenye karatasi moja nikamwekea daktari mezani.

Alizisoma, akavua miwani.

"Hawa ni wawili," alisema.

Kisha akanieleza kwa nini hatuwezi kuliacha jambo hilo lipite. Watu wenye damu hasi ni wachache huku kwetu. Mama mwenye damu hiyo akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hupona. Anayeweza kuumia, hata kufa, ni yule wa pili na wanaomfuata. Iko sindano ya kinga, na ni lazima mama achomwe ndani ya siku tatu baada ya kuzaa. Kwa hiyo alikuwapo mwanamke Bwera anayeihitaji sindano hiyo, hatujui ni nani, na kadi anayoitumia inasema hana haja nayo.

"Nenda ukamtafute," daktari akasema. "Lakini usitaje damu mbele ya mtu mwingine. Majibu ni ya mwenyewe."

Nilipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye faili. Sauti ya mwanamke ikaniambia nifike soko la Mpondwe, pale mpakani, niulizie meza ya vitenge na mawese.

Nilifika siku ya soko. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea forodha, na mawakala walikuwa wakipita kati yake wakiwa na makaratasi kwapani. Meza niliyoitafuta ilikuwa moja yenye biashara mbili. Upande wa kushoto palikuwa na vitenge vilivyokunjwa vizuri, upande wa kulia madumu ya mawese na maharage. Nyuma yake walikaa wanawake wawili kwenye vigoda, wote wawili wana mimba kubwa. Wa vitenge alivaa hijabu. Wa mawese alikuwa na rozari shingoni.

Nikataja jina lililokuwa kwenye kadi.

"Ni mimi," alisema wa vitenge.

"Ni sisi," alisema wa mawese, wakati ule ule.

Wa vitenge akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Wewe ni wa kliniki? Sasa mbona wametuma mwanaume? Tumbo utaipima wewe?"

Muuza nyanya wa meza ya jirani akadakia: "Muache apime! Hata yeye iko na ya miezi sita, angalia hiyo kitambi!"

Walicheka wote, nami nikacheka, maana lilikuwa kweli. Nikamwomba mwenye kadi tuzungumze pembeni.

"Sema hapa hapa," alisema. "Huyu dada anajua mpaka nimekula nini asubuhi."

Nikasema kadi yake imetumiwa na watu wawili. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, kwa hasira, hata kwa machozi. Badala yake alinieleza kwa upole, akiniita musawo, yaani daktari, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Musawo, sikiliza. Leo asubuhi mafuta ya huyu imepita forodha kwa karatasi yangu. Juzi vitenge yangu ilipita kwa karatasi ya huyu mama wa nyanya. Karatasi moja, mizigo ya watu watano, sita. Afande anajua, wakala anajua. Ukingoja kila mtu apate karatasi yake, nyanya inaoza. Sasa kadi ya mimba, wewe unaona ni tofauti?"

Nilikuwa nimezaliwa Kasese, baba yangu aliendesha lori hadi Butembo miaka mingi, na desturi hiyo ya forodha niliijua tangu utotoni. Lakini mezani kwangu, mbele ya namba zile, haikunijia kabisa.

Wa mawese ndiye aliyenieleza chanzo. Alitoka upande wa Beni, akakimbia vita na mumewe, na sasa alilala usiku mwingine Bwera na usiku mwingine Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kulingana na biashara. "Mi nilifika kwenu nikaomba banaandike jina yangu," alisema. "Bakaniuliza, unalala wapi? Nikasema kweli: siku ingine huku, siku ingine kule. Bakasema haiwezekane. Nikarudi hapa, nikalia kidogo. Uyu akasema, nyamaza, shika fishi yangu."

Fishi ndiyo kadi. Na sharti lililomrudisha lilikuwa letu: mshiriki awe mkazi wa upande huu, ili tumpate kwa urahisi baada ya kuzaa. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi na kuliona lina busara.

Wakawa wanakwenda kwa zamu, wiki hii mmoja, wiki nyingine mwenzake, anayebaki akalinda meza.

"Na vidonge?" niliuliza.

"Tunagawa katikati," alisema wa vitenge. "Haki sawa."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamekunywa nusu ya dawa muda wote huo, na sisi tulikuwa tumeandika kwamba dawa zimemezwa zote.

Nikauliza ni nani kati yao aliyekwenda kliniki wiki ile baada ya Idi. Jibu la O hasi lilikuwa la wiki hiyo.

"Mi njo nilienda," alisema wa mawese. "Uyu alikuwa nyumbani na bageni bake."

Nikamwomba mwenzake atupishe. Kabla hajainuka, wa mawese alimshika mkono. "Akienda, nitaelewa na nani? Weye unasema kiswahili ya mashule. Abaki."

Nikamuuliza mara ya pili kama anataka kweli mwenzake asikie. Akasema anataka. Basi nikawaambia wote wawili, polepole, kama daktari alivyoniambia.

"Njo niko mugonjwa?" aliuliza.

"Hapana. Wewe ni mzima."

"Na mutoto?"

"Huyu, kama ndiye wa kwanza, hatutarajii apate shida. Tunamwogopea yule atakayemfuata."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Hata uyu hajatoka bado, weye uko unahangaikia ule wa nyuma!"

Rafiki yake hakucheka. "Anataka watoto sita, musawo," aliniambia. "Huko kwao wameuawa wengi. Amesema nyumba lazima ijae tena."

Wa mawese akaacha kucheka. Akaniuliza hiyo sindano inapatikana wapi.

Tukapatana aje kliniki Alhamisi. Atapewa kadi ya mgonjwa wa kawaida kwa jina lake mwenyewe, maana huduma ya kawaida haimuulizi mtu analala wapi, atapimwa damu upya, na sindano itawekwa akiba. Daktari alikubali yote. Siku hiyo hiyo aliiandikia kamati ya maadili kueleza kilichotokea, na kwa kanuni wanawake wote wawili wakaondolewa kwenye utafiti. Nilimuuliza niandike sababu gani kwenye faili.

"Andika kwamba sharti letu la makazi lilikuwa baya," alisema. "Halafu andika mengine."

Alhamisi ikafika, wa mawese hakuja. Mama yake alikuwa ameugua ng'ambo, akamfuata. Nilimpigia, akasema anarudi Jumatatu, ana wiki tano bado, nisihangaike.

Jumapili jioni alizaa. Rafiki yake alinipigia Jumatatu alfajiri: mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri, wamo kwenye kituo kimoja cha afya upande wa pili. Daktari alichukua ile sindano akaipanga na barafu kwenye kisanduku, akaambatanisha jibu la maabara, nami nikakimbia nacho mpakani. Mimi sikuwa na hati ya kuvukia. Aliyekuwa nayo ni mwenye vitenge, na mimba yake ilikuwa imekaribia kabisa. Alipanda pikipiki upande upande, kisanduku mapajani, akavuka.

Alirudi mchana mikono mitupu.

"Mkunga wao si mtu mbaya," aliniambia, akiwa amekaa kwenye gunia la maharage na kuvuta pumzi. "Amesoma karatasi yote. Halafu ameniuliza jina yangu. Nimemwambia. Ameangalia karatasi, ameangalia tumbo yangu, amesema: sasa hii damu ni yako ao ni ya uyu?"

Jina lililokuwa kwenye jibu la O hasi lilikuwa lake yeye, kama lilivyokuwa kwenye kadi.

Alimwambia mkunga ukweli wote. Mkunga alijibu kwamba hawezi kumchoma mtu kwa karatasi ya mtu mwingine, kwamba ni lazima wampime mama na mtoto kwanza, na dawa ya kupimia ingeletwa kesho yake asubuhi. Kisanduku akakiweka kwenye friji. Sikuwa na la kumlaumu. Hata sisi Kasese tungemjibu vile vile. Tena muda ulikuwa bado upo: asubuhi ya Jumanne, mchana wote, na Jumatano hadi jioni.

Jumanne simu ya wa mawese haikupatikana. Jumatano nayo haikupatikana. Usiku wa kuamkia Jumatano hiyo mwenye vitenge naye alishikwa na uchungu, akazaa mtoto wa kiume Bwera salama, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuvuka tena.

Jumamosi simu iliita nikiwa nyumbani. Ilikuwa sauti ya wa mawese, yenye furaha.

"Musawo! Mutoto iko ananyonya muzuri. Mama naye anapona. Salimia munganga."

"Walikuchoma ile sindano?"

"Balinidunga pikire mbili."

"Za nini?"

"Sijue."

"Hukuuliza?"

"Weye, beko banakudunga, utauliza?"

Nilimuuliza zilichomwa wapi na lini. Moja ilikuwa pajani, mara tu mtoto alipotoka. Hiyo najua ni ya kuzuia damu isitoke nyingi, akina mama wengi huchomwa. Ya pili ilikuwa mkononi, na siku haikumbuki, maana alikuwa analala na kuamka. Inaweza kuwa yetu. Inaweza pia kuwa ya pepopunda. Daktari ameandika barua kwa kituo kile mara mbili, na mara zote mbili mfanyabiashara aliyezipeleka amesema zimepokelewa. Jibu halijaja.

Mtoto yule wa kike sasa anatembea. Mwezi uliopita mwenye vitenge alinipigia akasema rafiki yake ana mimba tena, ya miezi mitatu, na kwamba amemwambia aje Bwera apimwe. Wa mawese amejibu kwamba atakuja mapigano yakipungua na njia ikitulia.