Dena Alivyosubiri Kwa Simu

Ukifika upande wa Ganze ukauliza nyumba ya Dena, utaulizwa kwanza Dena yupi. Sema Dena askari, na mtu atakuonyesha njia kwa kidevu bila kuinua mkono. Uaskari wenyewe aliuacha zamani. Alilinda lango la hoteli moja kule Watamu miaka kumi na mmoja, amevaa shati la mikono mirefu kwenye jua la saa saba, akifungua na kufunga, akifungua na kufunga. Mwenzake wa zamu, Gachanja, mtu wa bara, alikuwa akimtania: "Wewe Dena ukiambiwa simama hapa, hata nyuki wakuvamie utasimama."

"Wakija, wewe ndiye utakayekimbia," Dena alikuwa akijibu. "Lango litabaki na mtu."

Hoteli ilipofungwa alirudi kwao, kwa mkewe Mbodze, kwenye shamba la mahindi linalozaa mwaka mmoja likapumzika miwili, na kwenye tanuri la makaa. Mbodze alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, hapendi nyumba iwe kimya. Akikosa mtu wa kusema naye alisema na sufuria. Mtoto wao mmoja tu, Nyevu, anasuka nywele huko Mtwapa, na ndiye aliyemletea babake simu ya kioo, akaichukua ile ya zamani ya mulika mwizi akampa mamake achezee.

Nyumba yao iko bondeni, na bondeni hakuna mtandao. Mwenye kutaka kupiga simu hupanda mpaka kwenye kilima chenye mawe meupe, karibu saa nzima kwa mtu asiye na haraka. Watu wamekizoea kilima hicho hata wakakipa jina, Kwa Simu. Fulani yuko wapi? Amekwenda Kwa Simu. Ukipita Jumapili utakuta watu saba wanane wamesimama huko juu, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, mmoja anasema na Mombasa, mwingine na Saudia. Hakuna anayekaa huko. Hakuna kivuli wala maji. Mtu hupanda, akasema neno lake, akashuka.

Mwaka huo redio ilikuwa ikitangaza kwamba kuna namba mpya ya dharura, ya bure, na ukiipiga, hata kama hujui kutaja mahali ulipo, watu wa mjini watakuona kwenye ramani kupitia simu yako. Mbodze alicheka sana. "Huku kwetu wataona nini? Wataona mbuzi."

Dena yeye alilipenda jambo lile. Njia za huku ni taabu kumweleza mgeni. Ukifika kwenye josho la zamani la ng'ombe, pinda, si kona ya kwanza, ni ile ya pili isiyoonekana. Nani ataelewa hivyo? Afadhali mtu akuone mwenyewe, yaishe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na pikipiki zote zilikuwa zimekwenda na watu sokoni. Saa nne asubuhi Mbodze aliinama kuchomoa gogo kwenye lundo la kuni, na koboko akamuuma mkononi mara mbili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Nyevu, njoo uone," kama mtu anayemwita mwenzake aone kuku ametotoa.

Dena alimlaza barazani, akaufunga mkono kwa leso, akamwita jirani yao Easter, mke wa mwalimu, mtu wa Ukambani ambaye mdomo wake hauna likizo.

"Kaa naye. Mwongeleshe," alimwambia. "Mimi naenda Kwa Simu."

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na sita, na kandambili moja ikamkatikia njiani akaiacha. Alipofika juu kifua kilikuwa kinamchoma, na ilibidi ashike jiwe kwanza ndipo apate sauti.

Aliyepokea alikuwa msichana, Kiswahili chake cha bara, mwenye subira. Alisema anaitwa Charity, akauliza shida ni nini.

"Mke wangu ameumwa na nyoka. Koboko."

"Anapumua?"

"Anapumua. Lakini macho yanalegea."

"Pole sana mzee. Sasa sikiliza. Nimekuona hapa kwa ramani, nimekuona vizuri kabisa. Gari linatoka saa hii. Usitoke hapo ulipo. Ukitoka watakupoteza. Tumeelewana?"

"Nisitoke."

"Usitoke. Na huyo mama asitembee, asisogezwe. Aongeleshwe tu."

"Anaongeleshwa," Dena alisema, maana alimjua Easter.

Basi akasubiri. Alisimama pale kwenye mawe kama alivyosimama langoni, simu ameishika mbele ya kifua, kioo kimeangalia juu, ili wamwone vizuri zaidi. Jua lilipanda. Bondeni aliliona paa lake la makuti, dogo kama kofia iliyowekwa chini, lakini baraza iko upande wa pili, watu hakuwaona. Mara moja moyo ulimshinda akashuka hatua kama ishirini. Akatazama simu: mtandao umekwisha. Akakumbuka, ukitoka watakupoteza. Akarudi mbio, akaona haya kama askari aliyefumaniwa amesinzia. Akapiga tena. Safari hii akapokea mwanamume. "Gari liko njiani. Uko palepale? Vizuri sana mzee, kaa hapohapo."

Akakaa hapohapo. Kwa saa moja na dakika arobaini Dena alikilinda kilima kisicho na kitu.

Gari la wagonjwa lilipotokea chini ya kilima, likipanda polepole juu ya mawe, alivua shati akalipunga. Dereva, Ndirangu, alishusha kioo. Muuguzi, kijana mmoja aitwaye Mutuku, alikuwa ameruka chini kabla gari halijasimama, mkoba mkononi, akiangalia nyuma ya Dena, kisha pembeni, kisha nyuma ya mawe.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Nyumbani," Dena alisema, akaonyesha kule bondeni.

Mutuku akatazama kidole, akatazama paa. Ndirangu ndiye aliyesema, tena taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe: "Njia ya kufika pale ni ipi?"

"Gari hupitia kisimani. Kwenye josho, mnapinda."

"Tumelipita hilo josho," Ndirangu alisema. "Tumelipita kitambo."

Hakuna njia ya gari kutoka Kwa Simu kwenda bondeni. Ndirangu aligeuza azunguke nyuma alikotoka. Mutuku na Dena walishuka kwa miguu, machela begani, wakikimbia mahali pa kukimbia. Walipoingia uani Easter alikuwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha, kichwa cha Mbodze mapajani mwake, amefunikwa leso hadi usoni. Dena alipomwona Easter amenyamaza hakuhitaji kuambiwa.

Mutuku alipiga magoti, akafunua, akatafuta uhai shingoni kwa vidole viwili, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mlio wa gari ukaja kutoka upande wa kisima, ukakaribia, ukaingia hadi mlangoni kabisa. Njia ile haikuwa mbaya hata kidogo.

Kwenye hanga, yaani matanga ya huku, watu walikuja wengi, maana Mbodze alisema na kila mtu. Ndugu yake, Japheth, alifika kutoka Mnarani na kikosi cha wajomba. Alimkuta Dena ameketi kwenye mkeka akamchutamia mbele.

"Shemeji. Dada yangu amekufa akiwa na nani?"

"Na Easter."

"Easter ni nani kwetu? Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa Simu."

"Ukifanya nini?"

"Nikisubiri."

Japheth alimwangalia, akawageukia wajomba ili nao wawe wamesikia. "Alikuwa akisubiri," akasema, akainuka. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapo. Na maneno, unavyojua, hayahitaji pikipiki. Kisimani ilisemwa kwamba Dena alimwacha mkewe na jirani akaenda kupunga upepo mlimani na simu ya kioo. Nyevu alimpigia babake alipopanda Kwa Simu, akalia, akasema anajua si hivyo. Lakini hakusema ni vipi.

Dena hakujitetea. Angesema nini? Kila neno aliloambiwa alilifuata. Usiku na mchana aliirudia ile sauti ya msichana: nimekuona vizuri kabisa. Aliitunzia hasira. Alijisemea, nikiisikia tena popote, nitaijua.

Akaisikia mwezi wa nane baada ya mazishi, kwenye uwanja wa shule, katika baraza la chifu. Wageni kutoka kituo cha dharura walikuwa wamekuja kuwafundisha watu ile namba. Msichana mwembamba alisimama na kipaza sauti, viatu vyeupe kwa vumbi, midomo imepasuka kwa jua asilolizoea. Aliposema, "Ukishapiga, usitoke hapo ulipo, ukitoka watakupoteza," Dena akaijua.

Akainua mkono. Chifu akampa nafasi.

"Shikamoo" nyingi zilipita kutoka kwa watoto wakimpisha, mpaka akafika mbele.

"Binti yangu, nauliza. Hiyo ramani inamwona nani? Inamwona mgonjwa, au inamwona mwenye simu?"

"Inaona simu, mzee. Mahali simu iliko."

"Na mgonjwa akiwa kwingine?"

Msichana akamtazama Dena usoni, akakitazama kile kilima kinachoonekana hata kutoka shuleni, watu wawili wamesimama juu wamepeana migongo. Kipaza sauti kikashuka chenyewe mpaka tumboni.

Baraza lilipokwisha msichana alimfuata Dena kwenye ua wa shule.

"Mzee, ni wewe? Wa koboko?"

"Ndimi."

"Nilikuambia usitoke."

"Uliniambia."

"Hukusema hayuko na wewe."

"Hakuna anayeugulia Kwa Simu. Nilidhani linajulikana."

Charity alivua miwani akaifuta na upindo wa blauzi, akaivaa tena bila kuona tofauti. "Kwetu simu inalala kitandani na mgonjwa," alisema. "Sikujua kuna mahali mtu anaacha nyumba ndiyo apige. Sikuuliza. Swali ni moja tu, na sikuuliza."

Dena alikuwa amejiandalia maneno ya miezi minane. Aliyatafuta. Mbele yake alikuwepo mtoto wa watu, umri wa Nyevu, na hasira haikupata pa kushika.

"Na mimi sikusema," akajibu.

Charity aliomba apelekwe aione njia, kwa miguu, kutoka kilimani mpaka nyumbani. Walipanda, kisha wakashuka polepole, maana viatu vyake havikuwa vya mawe. Hatua kadhaa chini ya kilima aliangalia simu yake, akaiangalia tena, akaitia mfukoni. Walipofika kaburini, pembeni mwa shamba, alisimama mikono ameifumbata. Aliuliza kwa sauti ndogo kama mama yule aliteseka.

Dena hakuwa amemwambia mtu. Hata Nyevu hakumwambia.

"Easter anasema hakulia," alisema. "Kuona kulipokuwa kunamtoka aliuliza, Baba Nyevu amekaa upande gani? Easter akamwambia, upande huu wa kulia. Akanyoosha mkono huo wa kulia, ukakaa hewani. Easter akaushika yeye. Mbodze akasema, mbona mkono wako umekuwa laini hivi?"

Charity aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la shamba, akalia bila kujificha. Dena alisimama kando yake, hakumgusa, wala hakumharakisha. Aliponyamaza, alimletea maji kwa kata, akangoja anywe yote. Kisha akamtangulia kwenye njia ya kisima, hadi njia panda ya josho, akamwonyesha ile kona isiyoonekana, akamwacha akiiandika.